Kompyuta Chini ya Kitanda

Jumamosi yangu ilikuwa inaanza na maji. Nachota mitungi miwili, namsaidia Mama kuwasha jiko, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuuza, ikishakaa pale kwa kibanda chetu ananiambia, "Haya, enda kwa kompyuta zako." Kibanda kilitazamana na ukumbi wa Makina, hapa Kibera, kwa hivyo nilikuwa navuka barabara tu.

Aliyetufundisha hapo ni Profesa Rosebella Nabalayo. Sisi tunamwita Prof. Anafundisha kompyuta chuo kikuu, lakini alizaliwa Kawangware na bado anaishi huko. Alikuwa anakuja kwa miguu, viatu vyake vizuri ameviweka kwa mfuko. Alituambia shule yao haikuwa na kompyuta. Mwalimu wake alimchorea kibodi kwa kipande cha katoni, akajifunza kuandika kwa hiyo katoni mpaka siku alipofika chuo na kugusa ya ukweli. "Niliposikia herufi zinalia chini ya vidole," alisema, "niligeuka kuangalia kama kuna mtu nimemsumbua."

Prof ana tabia moja. Ukikwama anakuja nyuma yako na kufunga mikono mgongoni. Hashiki kibodi yako hata ulie. Anauliza tu, "Kosa liko wapi?" Sisi ndio tulikuwa tunakimbilia kusema ni la nani. "Ni Lazarus, Prof." Na Lazarus, "Wacha uongo, ni Ndungu."

Mimi nilikuwa nakaa na Ndungu kwa sababu hakunilazimisha kuongea. Alitengeneza programu ndogo, mimi nikimsaidia. Ukiifungua inakuuliza, "Niaje, wewe ni nani?" Ukiandika jina lako inakukaribisha. Babake alikuwa mlinzi wa ukumbi na ufunguo ulikaa kwake.

Halafu kura za Desemba zikapigwa, na matokeo yalipotangazwa Kibera ikawaka moto. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana kabila. Kwa sababu ya kabila lao, kina Ndungu walihama asubuhi moja na godoro na sufuria, wakaenda kwa shangazi yake Kawangware. Mchana wa siku hiyo, watu wakavamia ukumbi. Kompyuta zetu zilikuwa mbili. Moja ilipatikana mlangoni, imepasuka. Ya pili haikuonekana, na mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo.

Hiyo ya pili ilikuwa kwetu, chini ya kitanda.

Babake Ndungu alipita kwa kibanda akiwa anatoroka, akampa Mama ufunguo. "Mama Everlyne, mashine za watoto," alisema, kisha akakimbilia familia yake. Kelele zilipoanza, Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, akaweka boksi ya kompyuta moja, bila kioo wala kibodi, ndani ya karai, akafunika na leso na kuibeba kichwani kama githeri. Alipita katikati ya wale watu hivyo hivyo. Aliporudi kuchukua ile nyingine, walikuwa wameshaingia.

Baadaye polisi walianza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu vilivyoibwa. Mzee Muia, jirani yetu, alichukuliwa pamoja na redio yake mwenyewe kwa sababu hakuwa na risiti. Mama akaniita ndani. "Everlyne, hiyo kitu hujaiona." Nikaitikia. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua.

Mwezi wa pili Prof alirudi. Alikuwa amebeba rundo la katoni, kila moja imechorwa kibodi kwa kalamu. "Tutaandika kwa hizi," alisema. "Mimi nilianza hivi." Halafu akatuangalia. "Ndungu ananiuliza kila siku tunaanza lini. Nikuje naye?"

Lazarus aliongea bila kuinua kichwa. "Huyo asikuje, Prof. Babake ndiye alibeba kompyuta."

"Ulimwona?"

"Si ufunguo ulikuwa wake? Kila mtu anajua."

"Basi nitajie mmoja aliyeona."

Hakuna aliyetajwa. Lakini pia hakuna aliyesema Ndungu aje. Prof alitikisa kichwa polepole. "Siwezi kumleta mahali anaitwa mtoto wa mwizi," alisema.

Wengine walipotoka nilibaki nikikusanya katoni. "Prof, kama mtu anajua kosa liko wapi, lakini amekatazwa kusema?"

Alinitazama. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo. "Aliyemkataza ni mtu mbaya?"

"Hapana. Anaogopa."

"Basi aanze kuongea na huyo."

"Si wewe umwambie, Prof?"

Mikono yake ikaenda mgongoni. "Hiyo ni kibodi yako, Everlyne," alisema kwa upole. "Lakini nitakuwa nyuma yako."

Jioni nilimkuta Mama akichagua maharagwe kwa sinia. Nikakaa karibu yake, nikaanza kuchagua pia. "Mama, wanasema Baba Ndungu ni mwizi."

Mkono wake ulisimama. "Nani anasema?"

"Class yote. Ndungu hawezi kurudi."

"Na polisi wakisema mwizi ni mimi, utapikiwa na nani?"

"Sijui." Sauti ilikuwa inatetemeka. "Lakini alikupea wewe ufunguo. Hakupea mtu mwingine."

Mama alitoa kajiwe kwa maharagwe akakatupa nje. Akatoa kengine. "Leo umeongea sana," alisema.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunagonga katoni zetu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama, karai kichwani, leso juu yake.

"Githeri imefika," Lazarus akasema, na wengine wakacheka.

Mama alitua karai mezani, akaondoa leso na kuweka ufunguo juu ya boksi. "Baba Ndungu hakuiba," alisema. "Ndiye aliyeniomba niokoe hii. Mimi ndio nilifungua, mimi ndio nilificha, kwa kuogopa. Wa kunishtaki anajua kibanda changu."

Prof alishika mkono wa Mama kwa mikono yake yote miwili. Siku hiyo hiyo walienda pamoja kwa chifu kueleza, na Mama hakusumbuliwa.

Wiki iliyofuata Prof alikuja na kioo cha kompyuta na kibodi kutoka kwake. Nyuma yake alikuwa Ndungu, amekonda kidogo. Lazarus alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akasogea kwa benchi. "Niaje, Ndungu. Kaa hapa. Nilisema babako vibaya."

"Niliskia," Ndungu akasema. Akasimama kidogo, halafu akakaa.

Prof aliwasha mashine. "Kosa letu lilikuwa wapi?" akauliza. Mara hii akajibu mwenyewe. "Tulitafuta wa kulaumu kabla ya kutafuta ukweli. Na kuogopa si dhambi, watoto wangu, lakini ukinyamaza na ukweli, kuna mwenzako anaubeba mzigo wako. Sema, hata kama sauti inatetemeka."

Aliniangalia kidogo tu, kisha akafunga mikono mgongoni.

Kioo kikawaka. "Niaje, wewe ni nani?"

Ndungu akamsukumia Lazarus kibodi. Lazarus aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akakosea, akafuta, akaandika tena.

"Karibu, Lazarus," mashine ikajibu.