Maji ya Kunywa ya Nyibol

Jumamosi asubuhi Jackline alibandika makande, akatia kipande cha magadi ili yaive upesi. Leo alikuwa akimpikia mgeni.

Mgeni huyo alikuwa Achol, mama Mdinka kutoka Sudan Kusini, aliyekuja na bintiye Nyibol wa miaka mitatu. Walikuwa wameishi kambini nchini Kenya, na huko ndiko Achol alikojifunza Kiswahili. Sasa wanawake wa usharika wa kijiji cha Maji ya Chai, Meru, walikuwa wamempa chumba, kitanda na cherehani. Jackline, jirani yake, ndiye aliyepewa kazi ya kumtembelea.

Alipokwenda kumwita, alimkuta Achol amechuchumaa mbele ya jiko lake. Maji yalikuwa yamechemka mpaka yakabaki nusu sufuria.

"Mama Nyibol, maji hayo yamekukosea nini? Yanachemka tangu alfajiri!"

"Mama Anande, usinikasirikie," Achol alisema. "Watoto wa hapa wana meno ya kahawia. Hata Anande wako. Wamepatwa na nini?"

Uso wa Jackline uliwaka moto. Anande alikuwa na miaka kumi, na alipiga mswaki kila siku.

"Ndiyo meno yetu Wameru," alijibu kwa mkato. "Tumezaliwa nayo."

Achol alifunua mdomo. Chini, mbele, hapakuwa na meno.

"Mimi walining'oa nikiwa msichana. Ni mila ya kwetu. Niliapa kwamba Nyibol atabaki na yake yote, tena mazima. Kama hapa yataharibika, nitarudi kambini."

Kurudi kambini kwa sababu ya meno! Lakini Jackline alimkumbuka Anande, ambaye siku hizo hakuwa akicheka mbele za watu.

"Jumatatu twende zahanati," alisema.

Muuguzi Brightness aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Hamkuzaliwa nayo, mama," alimwambia Jackline. "Ni madini yanaitwa floraidi. Yamo katika chemchemi na visima vingi vya Meru. Mtoto akiyanywa kila siku wakati meno ya kudumu yanaumbika ndani ya ufizi, yanaota na madoa. Yakizidi sana, hata miguu hupinda."

"Ndiyo maana nachemsha!" Achol alisema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haifi. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Ukichemsha mpaka nusu, umemzidishia."

Achol alishika kichwa. "Mwanangu!"

"Hujachelewa. Bado ni mdogo. Na magadi je, mnatia kwenye chakula?"

"Sasa muuguzi, makande bila magadi tutakula kesho?" Jackline aliuliza.

Brightness alicheka. "Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Magadi nayo yana floraidi."

Kisha akawaeleza la kufanya. Mtoto anywe maji ya mvua, yaliyohifadhiwa kwenye tangi safi lenye kifuniko, na kuchemshwa kidogo tu. Mvua zikikatika, wachuje maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliotengenezwa na wataalamu. Mkaa ukichoka hubadilishwa.

"Mifupa? Kwenye maji ya kunywa?" Jackline alikunja pua.

Achol ndiye aliyecheka sasa. "Kwetu ng'ombe ni kila kitu. Anatupa maziwa, anatulipia mahari. Kumbe hata akifa anasafisha maji!"

Jumapili Jackline alisimama kanisani.

"Tumempa mgeni wetu kitanda," alisema. "Maji salama hatukumpa. Na watoto wetu wenyewe hatujawapa."

Mwezi huo wanaume walifunga mifereji kwenye paa la kanisa na kuweka tangi. Akina mama walinunua machujio ya mkaa wa mifupa, wakapokezana kuyatunza. Achol hakurudi kambini.

Miaka minne ilipita. Asubuhi moja sauti ya Achol ilivuka uzio.

"Mama Anande! Acha kufua, njoo uone!"

Jackline alikimbia na povu mikononi. Anande alimfuata, amembeba mdogo wake Nathanael wa miaka miwili. Nyibol alifunua mdomo. Meno mawili mapya ya kudumu yalikuwa yameota juu. Yalikuwa meupe, na ncha zake kama msumeno mdogo.

Anande aliyatazama kwa muda mrefu. Ya kwake hayakubadilika, na alijua hayatabadilika. Halafu akamnyanyua Nathanael juu ili naye aone.

"Na wewe utaota kama haya," alimwambia.

Akampeleka kwenye chujio, akamjazia kikombe.