Filimbi ya Konstebo Atuti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanchoka alimsaidia mama yake, Esnah, kufunga mafungu ya sukuma wiki na kuyapanga kwenye kibanda chao sokoni Kapkatet. Ukungu wa huko hauna adabu. Unakuingia mpaka ndani ya kola. Msichana huyo wa Gredi ya Sita alifunga mboga huku akipuliza vidole vyake, kisha akapangusa viatu, akabeba mkoba na kushika njia.

Asubuhi hiyo miguu yake ilikuwa mizito. Kesho kutwa, barabara inayopanda kutoka sokoni hadi kwenye mashamba ya chai ingepewa jina la baba yake, Konstebo Zack Atuti, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Nyanchoka ndiye aliyechaguliwa kuzungumza kwa niaba ya shule. Ingekuwa furaha tupu kama asingekuwa amesema uongo.

Uongo wenyewe ulimtoka hivi. Habari za barabara zilipotangazwa gwarideni wiki iliyotangulia, Kiptanui, mvulana ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alimuuliza darasani, "Kwani baba yako alifanya nini? Si aligongwa tu na gari? Hata ng'ombe wetu aligongwa, na hatujaona barabara ya ng'ombe!"

Darasa likaangua kicheko. Nyanchoka alihisi uso ukimwaka moto. Baba yake alipofariki, walihamia kwa nyanya yake huko Nyamira, wakarudi Kapkatet mwaka huu tu. Kwa hivyo wenzake hawakukijua kisa chenyewe vizuri. Kabla hajafikiri, akaropoka, "Alikuwa akipambana na majambazi! Watatu! Wenye bunduki!"

Lo! Kicheko kikazimika papo hapo. Kufikia chakula cha mchana, majambazi walikuwa watano. Kufikia jioni, konstebo alikuwa amewabwaga wawili kwa mieleka. Mwalimu Rodah, aliyehamia shuleni hapo kutoka Kedowa muhula huo, alivutiwa sana na kisa hicho. Akamwambia Nyanchoka awasimulie wageni siku ya sherehe.

Sasa, siku mbili kabla ya sherehe, rafiki yake Chepkurui alikuja jioni kibandani kununua vitunguu. "Shikamoo, Mama Nyanchoka," alisema. "Kesho kutwa tutakaa mbele kabisa. Tunataka kusikia vile Baba Nyanchoka aliwamaliza wale majambazi!"

Esnah aliacha kukata sukuma. "Majambazi gani, mwanangu?"

"Si wale wenye bunduki! Nyanchoka alituambia."

Nyanchoka aliinamia vitunguu kana kwamba alikuwa amepoteza kitu humo. Mama yake hakumgombeza. Alimalizia kumhudumia Chepkurui, akamwambia asalimie nyumbani, kisha akafunika mboga kwa gunia.

"Vaa sweta yako," alimwambia bintiye. "Twende."

Walipanda barabara ile hadi kwenye kona kali, karibu na kituo cha kupimia majani ya chai. Wachumaji walikuwa wakiteremka na vikapu mgongoni. Mmoja wao, mwanamke aliyechechemea, alimwona Esnah, akatua kikapu chake na kumkumbatia.

"Kongoi, Esnah! Kongoi!" Hivyo ndivyo Phelis alivyoshukuru kwa lugha yake kila walipokutana, na hakuchoka kamwe.

"Phelis, dada yangu," Esnah alisema, "mwambie mtoto huyu ulichokiona asubuhi ile. Mimi sikuwepo."

Phelis aliketi ukingoni mwa barabara, akamvuta Nyanchoka kando yake.

"Tulikuwa kwenye trela ya trekta, tukienda kuchuma. Ikapinduka hapa hapa. Mimi mguu ulibanwa. Wenzangu walilala barabarani, mwingine ameumia mkono, mwingine kichwa. Na ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mkono wako. Baba yako alikuwa akirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku. Zamu yake ilikuwa imekwisha, mtoto wangu. Hakuna aliyemwita."

Alifuta macho kwa ncha ya leso yake.

"Alikata matawi akayatandaza kule juu ili madereva wayaone. Lakini nani angeyaona katika ukungu ule? Basi akasimama barabarani yeye mwenyewe, akipuliza filimbi. Gari la kwanza likasikia, likasimama kando. Watu wake wakaja kututoa. Halafu likaja lori kwa kasi. Baba yako angeruka mtaroni, angekuwa hai leo. Hakuruka. Alizidi kupuliza. Dereva alipoisikia alikuwa karibu mno. Alivuta usukani, akamgonga yeye, akatukosa sisi. Wanawake tisa! Mimi niliisikia ile filimbi mpaka iliponyamaza."

Nyanchoka alilia. Alikuwa akijua kwamba baba aligongwa akisimamisha magari, lakini hakuna aliyewahi kumsimulia hivi. Alipoinua macho, aliona matawi ya chai yamelazwa ukingoni mwa kona, mengine makavu, mengine mabichi.

"Na haya?"

"Siku za ukungu, anayetangulia kupita huweka tawi. Anayefuata huongeza lake. Hatukuamrishwa na mtu."

Esnah alichuchumaa mbele ya bintiye. "Sasa wewe ukisimama useme majambazi, Phelis na wenzake watakaa wapi? Watamshukuru baba yako kwa lipi?"

"Niliogopa watanicheka, mama."

"Wacha wacheke. Baba yako ni huyu wa Phelis. Mwingine hatuna."

Kesho yake, Nyanchoka alimwendea Mwalimu Rodah kabla ya kengele, akamweleza yote. "Asante kwa kuniambia," mwalimu alisema. "Lakini maneno yalitoka kinywani mwako, na ni wewe utakayeyarekebisha. Utaweza?"

"Nitajaribu, Mwalimu."

Siku ya sherehe, watu walijaa kando ya barabara. Kibao kipya chenye jina la barabara kilikuwa kimefunikwa kwa leso. Chifu alimwita Nyanchoka, naye akasimama mbele ya watu.

"Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu aliuawa na majambazi," alianza. "Nilidanganya. Hakukuwa na majambazi. Kulikuwa na ukungu, na akina mama tisa barabarani." Kisha akasimulia yote, tangu matawi hadi filimbi.

Hakuna aliyecheka. Kiptanui alikodolea viatu vyake macho. Leso ilipoondolewa, Phelis alijikokota hadi kwenye kibao, akalaza tawi la chai chini yake. "Kongoi, Atuti," alisema kwa sauti. Wenzake wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tawi lake na asante yake. Esnah alilia na kutabasamu kwa wakati mmoja, na hakuona haya.

Mwisho wa safu hiyo alikuwa Kiptanui, ameshika kitawi kidogo. Alikilaza, kisha akamgeukia Nyanchoka. "Samahani. Yale maneno ya ng'ombe yalikuwa mabaya."

"Nimekusamehe. Na mimi samahani kwa kuwadanganya."

Mwalimu Rodah aliwakusanya wanafunzi wake kando ya kibao. "Mmeona?" aliwauliza. "Mtu aliyetenda jema hahitaji kutiliwa chumvi. Ukimsifu kwa uongo, unawanyima wale aliowasaidia nafasi ya kumshukuru. Nyanchoka alikosea, kisha akasimama mbele ya watu wote akasema kweli. Baba yake pia alijua kusimama."

Jumatatu ukungu ulirudi, mzito kuliko kawaida. Nyanchoka alimaliza kufunga sukuma mapema, akaomba ruhusa ya mama, akapanda hadi kwenye kona. Alikuta tawi bichi limekwisha kuwekwa na mtu aliyetangulia. Akaliongezea lake.

"Kongoi, baba," alisema, kisha akashuka mbio kwenda shule.