Mafuvu ya Leander

Selby Durnford alikuwa katikati ya kuitukana kompyuta wakati mashua ilipopanda mwamba.

Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na msago mrefu chini ya miguu yake, kisha mashua, Alma Joyce, ikasimama ghafla, na kila kilichokuwa ndani yake kikaendelea na safari: birika la chai, kopo la maziwa, sanduku la vifaa, na Effie mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha usukani akitia siagi mkate.

"Umefanya nini, mzee?" Effie aliuliza kutoka sakafuni.

"Sijafanya kitu! Ni hili dude!"

Wimbi likaiinua mashua, likaibwaga tena juu ya jiwe. Selby aliteremka ngazi mbilimbili. Chini ya omo, mbele ya mashua, kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na bahari ilikuwa inaingia kupitia hapo bila haraka, kama mwenye nyumba. Akalikandamiza godoro la kitandani pale tunduni kwa magoti yake, akalikaza kwa ubao na kamba. Maji yakapungua lakini hayakukoma. Injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Alipopanda tena juu, maji yalikuwa yamemfika mapajani, maji ya Juni ya pwani ya kusini ya Newfoundland, ambayo hayajawahi kusikia kwamba Juni ni kiangazi.

Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu. Ila hatua arobaini hivi kutoka pale, kitu cheusi kilikuwa kikitokeza na kupotea kila wimbi lilipovunjika. Kilikuwa kisiwa kidogo, jiwe tupu lenye majani machache kichwani.

"Maji yanakupwa," Selby alisema. "Ikiendelea kugonga hivi itapasuka. Shika redio ya mkononi. Shika chupa ya maji."

"Nimeshika na mkate."

"Mkate wa nini?"

"Wa kula, Selby."

Wakajitupa kwenye mtumbwi wa mpira, wakapiga makasia wakivuka povu, wakatua juu ya jiwe kwa magoti na viwiko. Hapo ndipo Selby alipouona mguu wa mkewe. Kitu fulani chenye makali kilikuwa kimempasua chini ya goti wakati wa kuanguka, na buti lake lilikuwa limejaa. Alipolivua na kuliinamisha, damu ilimwagika juu ya jiwe.

Wote wawili waliitazama, na wote wawili walifikiri juu ya kichupa cha vidonge kilichokaa dirishani jikoni kwao. Tangu majira ya baridi Effie alikuwa akimeza dawa ya moyo inayoifanya damu kuwa nyepesi. Daktari alimwonya ajihadhari hata na kisu cha viazi. Mtu wa dawa ile akikatika, damu haijui kuacha.

Selby alivua mkanda wake, akakunja skafu ya Effie, akaiweka juu ya jeraha akaifunga, kisha akaibana kwa viganja vyote viwili.

"Unaniumiza."

"Vizuri. Kaa hivyohivyo."

*

Kuna watu husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hao hawajakutana na Selby. Kwake yeye kipya kilikuwa kidonda tu.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameongozwa na programu moja ya ramani, katika kompyuta moja iliyofungwa kwa kamba kando ya usukani. Machi kompyuta ile ikafa, na walioitengeneza programu walikuwa wameshaacha kuishughulikia. Binti yake Verna, mwalimu, mtu wa utaratibu, akamletea mpya. Selby aliichukia kabla haijamaliza kuwaka. Bahari ilikuwa ya buluu mahali ilipopaswa kuwa nyeupe. Kitufe cha kupima umbali kilikuwa kimehamia chini ya kitufe kingine, ambacho nacho kilikuwa kimejificha. Mashua yake, iliyokuwa na umbo la mashua, ilikuwa imegeuka kuwa mshale. Na kila asubuhi programu ilimwandikia, "Habari za asubuhi, Selby! Ungependa nikutembeze?"

"Initembeze wapi?" alifoka siku ya kwanza. "Mimi nimezaliwa hapa!"

Lakini kilichokuwa ndani ya programu ile ya zamani hakikuwa ramani tu. Kilikuwa Leander, kaka yake. Alama mia nne na kumi na mbili zilikuwa za Leander, moja moja, na Leander alikuwa mwongo wa kutukuka. Katika bandari ya Grebe Harbour hakuna mvuvi anayeonyesha mwenzake mahali pa samaki. Mtu akija kunywa chai mashuani kwako, unavua kofia na kuifunika skrini, naye anajifanya hakuona ukifanya hivyo. Leander hakuiamini kofia. Alizipindua alama zenyewe. Penye samaki aliweka fuvu la hatari. Penye mwamba aliweka picha ya samaki mnene, anatabasamu. Mwizi wa macho angekimbia utajiri na kwenda kupasukia kwenye jiwe.

Selby aliyasoma mambo kinyumenyume kwa muda mrefu mpaka macho yakawa yanageuza yenyewe. Samaki, kwepa. Fuvu, songa mbele. Leander alipokuwa anakufa, miaka sita iliyopita, maneno yake ya mwisho yenye maana yalihusu uwanja wao bora wa samaki, huu uliokuwa karibu na kisiwa hiki. "Usimwambie mtu," alisema. Selby aliapa, mkono wa kaka yake ukiwa ndani ya wake.

*

"Ulikuwa unafuata nini?" Effie aliuliza sasa.

"Fuvu. Nimeliona fuvu mbele, nikajua ni salama, nikalifuata. Kama siku zote."

Effie akaacha kuutazama mguu, akamtazama yeye.

"Mzee. Verna alizirekebisha alama."

"Alizirekebisha vipi?"

"Penye mwamba akaweka fuvu. Penye samaki akaweka samaki. Mimi ndiye niliyemsomea daftari lako la alama, jikoni, wiki nzima. Tulikwambia. Wewe ulikuwa unazipigia kelele rangi."

Tangu Machi Selby aliingia baharini siku za kweupe tu, akitumia macho yake; leo ilikuwa siku ya kwanza ya ukungu. Miaka ishirini na miwili skrini ilimdanganya ikamfikisha nyumbani. Mara ya kwanza ilipomwambia kweli, alipanda mwamba.

"Mazoea yana taabu," Effie alisema, na licha ya yote akacheka, mpaka kicheko kikautonesha mguu. "Aah. Piga redio, mpenzi."

Selby akabana jeraha kwa goti, akashika redio. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Wince Skinner. Selby angefurahia sauti ya yeyote mwingine. Wince ndiye mvuvi mwenye shingo ndefu kuliko wote bandarini linapokuja suala la skrini za watu.

"Tumepanda mwamba," Selby alisema. "Tuko wawili, tuko nchi kavu. Effie amekatika."

"Mko wapi, nahodha?"

Na hapo Selby, huku damu ya mkewe ikimlowesha suruali, akasema kile ambacho kinywa chake kilizoea kusema redioni maisha yake yote. "Upande wa mashariki. Karibu na Kisiwa cha Kondoo."

Effie alimtazama. Kisiwa cha Kondoo kilikuwa maili tisa kutoka pale.

"Nilimwapia," Selby alinong'ona.

"Najua."

"Wakijua hapa, hakuna uwanja tena. Kilichobaki cha Leander ndicho hiki."

"Mficha uchi hazai, Selby Durnford." Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. "Leander alinipenda. Angekuzaba kofi, kisha mngegombana nani aseme redioni."

Skafu ilikuwa imelowa yote. Selby aliona jinsi damu ilivyokuwa inafuata ufa wa jiwe na kushuka kuelekea baharini, taratibu, haina shida na mtu. Akabonyeza redio.

"Wince. Nimesema uongo. Tuko kwenye jiwe la kusini, nje ya mlango wa pili wa ghuba. Pale..." Akamtazama Effie. "Pale Leander alipoweka mafuvu. Ndipo penye samaki. Njoo, ndugu yangu. Dawa yake haiachi damu igande."

Redio ikakwaruza.

"Nakuja," Wince alisema. "Dakika arobaini. Mwinulie mguu, juu ya moyo. Ukisikia injini, piga filimbi."

Ndege ya walinzi wa pwani haikuweza kuruka katika ukungu ule. Wince aliwaambia hivyo baadaye redioni, na kwamba wenzake watatu walikuwa nyuma yake na pampu. Kwa hiyo Selby alimlaza Effie chali juu ya jiwe, akauegesha mguu ule begani mwake, akaubana kwa nguvu zake zote. Alimnywesha maji kidogo kidogo. Walikula mkate kwa zamu, wenye siagi na chumvi ya bahari. Mikono ilikufa ganzi, lakini hakuiondoa.

"Usilale."

"Silali. Nafikiria rangi ya jikoni."

"Rangi gani?"

"Buluu. Kama ile bahari yako mpya."

"Ukipona, paka hata zambarau."

"Umesema mwenyewe."

Ajabu ni kwamba Selby alijisikia mwepesi. Siri ilikuwa imetoka, Effie alikuwa anamtania, na kitambaa cha pili, alichokichana kutoka kwenye shati lake, kilikuwa kinalowa polepole kuliko skafu.

Injini ilisikika dakika ya thelathini na nne. Alipiga filimbi ya jaketi la kuokolea mpaka masikio yakauma, lakini hakukuwa na haja. Mashua ya Wince ilitokea ukunguni moja kwa moja, ikaukwepa mwamba kwa upana uliotosha, ikasimama pale hasa palipokuwa na kina cha kutosha. Ni hapo tu ndipo Selby alipokumbuka kwamba Wince hakuuliza njia.

Walimlaza Effie kwenye benchi ya chumba cha usukani, na kijana wa Wince mwenye cheti cha huduma ya kwanza akamfunga bendeji ya maana. Selby alisimama kando ya usukani akitetemeka. Kofia ya Wince ilikuwa kichwani kwa Wince. Skrini ilikuwa wazi.

Hakutaka kutazama. Adabu ni adabu. Lakini ilikuwa mbele ya macho yake. Pale palipokuwa na uwanja wao, pembeni ya jiwe, palikuwa na duara, na ndani ya duara maneno: "Pa Leander. Tusiguse."

"Tangu lini?" Selby aliuliza.

"Mwaka wa pili wa mafuvu yenu." Wince aligeuza usukani. "Mtu anakwenda moja kwa moja kwenye mafuvu, anarudi amejaza. Sisi si mbumbumbu, nahodha. Kila mashua bandarini ina duara hilo."

"Na hamkuja?"

"Kufanya nini? Ni pa Leander." Akamsogezea kikombe. "Tulikuwa tunawaonea huruma na kofia zenu, basi tu. Kaa chini, kuna chai."

Selby alikaa. Alilia kidogo ndani ya kikombe, na Wince akaangalia mbele muda wote, ingawa mbele hapakuwa na cha kuona.

Effie alishonwa nyuzi kumi na nne. Alma Joyce ilinyanyuliwa maji yalipojaa, pampu tatu zikinguruma, ikaburutwa nyumbani ikiwa na godoro tunduni. Jikoni sasa ni buluu.

Siku ya kwanza aliyorudi mashuani, programu ilimsalimia na kumuuliza kama angependa kutembezwa. Selby akabonyeza ndiyo. Ilimchukua dakika hamsini na matusi ambayo Effie, aliyekaa nyuma na mguu juu ya ndoo, aliyasikia yote, lakini mwisho wake aliweka alama yake ya kwanza maishani, fuvu moja juu ya jiwe la kusini. Wince alipopanda kunywa chai aliliona, kwa kuwa kofia ilikuwa msumarini. Chini ya fuvu Selby alikuwa ameandika: "Jiwe la Effie. Ni mwamba kweli."