Flashi Iliyotafuta Diski Yake

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, kabla ya kwenda kwenye chama cha kompyuta, Pihla humsindikiza bibi yake ziwani. Bibi Helvi hutangulia na mtaimbo, akiigonga barafu na kusikiliza sauti yake. Pihla hufuata akikokota kigari cha kuteleza kilichojaa matawi ya msonobari. Penye barafu imara hupita bila neno. Panapolia kama chombo kitupu, barafu ikiwa nyembamba, Bibi hurudi nyuma kidogo, hutoboa tundu na kuchomeka tawi.

"Bibi, si tumeshajua kwamba hapa ni pabovu?" Pihla aliuliza Jumamosi moja asubuhi, meno yakigongana kwa baridi. "Tawi la nini tena?"

"Sisi tumejua, ndiyo. Na anayekuja nyuma yetu?"

"Nani huyo?"

"Simjui. Ningemjua ningempigia simu, nisihangaike na matawi."

Pihla alicheka, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Chumbani kwake, juu ya meza, kulikuwa na kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, kipande baada ya kipande, kutokana na mashine kuukuu zilizotupwa na watu. Tangu Jumatano kompyuta hiyo ilikuwa imekataa kuamka, na hakuna mtu aliyejua ila yeye.

Mambo yalianza hivi. Chama chao, ambacho hukutana chini ya maktaba ya mji wa Kuhmo, kilikuwa na flashi moja tu yenye mfumo wa uendeshaji wa kusakinisha kwenye kompyuta mpya. Sirkku, msimamizi wao, aliihifadhi ndani ya glovu nyekundu ya sufu ili isipotee, na glovu ile ilipita kwa zamu kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Zamu ya Pihla ilipofika, alikwenda nayo nyumbani mbio kama aliyebeba yai la moto. Alichomeka flashi, akafuata maelekezo, na kazi ilipokaribia kwisha ukatokea ujumbe mwekundu: *Imeshindikana kuweka kianzishi kwenye diski hii.*

Kianzishi ni programu ndogo ambayo huamka kwanza mashine inapowashwa, kisha ikauamsha mfumo wote. Pihla alilijua hilo. Chini ya ujumbe ule kulikuwa na mistari mingine iliyoeleza sababu, lakini mistari ilikuwa mirefu na yeye alikuwa na haraka. Alibonyeza tena, ujumbe ukarudi. Ndipo alipoona kwamba angeweza kuchagua mahali pengine pa kukiweka kianzishi. Akachagua jina la pili katika orodha bila kujiuliza ni la kitu gani. Safari hii mashine haikulalamika. Ilijizima, ikajiwasha, na picha nzuri ya samawati ikajaa skrini.

"Imewaka mara ya kwanza!" aliwaandikia wenzake wote. "Wala si kazi ngumu, jamani."

Jumatano aliirudisha flashi maktabani. Jioni yake alipowasha kompyuta, skrini ilibaki nyeusi, na juu yake maneno machache meupe: *Hakuna kifaa cha kuwashia.* Pihla aliipitia tena kichwani orodha ile. Polepole alitambua kwamba lile jina la pili lilikuwa la flashi yenyewe. Kianzishi chake kilikuwa kimeondoka na glovu nyekundu. Lakini angesemaje, na sifa alikuwa amekwisha kujimwagia?

Walipotoka ziwani alikwenda chamani na kigari chake. Vitafunio vilikwisha kuandaliwa, mikate mitamu ya iliki, lakini hakuna aliyekuwa akila. Watoto walikuwa wamemzunguka Oiva, mvulana mrefu mwenye nywele zilizosimama kama nyasi kavu. Leo ilikuwa zamu yake, na flashi ilikuwa imechomekwa kwenye mashine yake, ambayo haikutaka kuwaka.

"Mashine yako imerogwa," Tuukka alimtania. "Haijui hata ilicho nacho tumboni!"

"Nyamaza wewe. Nimeifungua na kuifunga asubuhi nzima," Oiva alijibu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaniwa akacheka. "Nimebadilisha waya, nimebadilisha kibao cha kumbukumbu. Ni ubao mkuu huu, umekufa. Baba alisema isipowaka leo, Jumatatu vipuri vyangu vyote vinapanda lori la taka. Amechoka kujikwaa."

Akachukua bisibisi na kuanza kulegeza skrubu ya kwanza.

"Ngoja kwanza," alisema Sirkku, akifika na birika la kahawa mkononi. Alikuwa mama mwenye sauti ya chini, asiyependa kuitwa mwalimu, na kanuni yake katika chumba kile ilikuwa moja tu. "Kabla ya kugusa?"

"Soma kwa sauti," walijibu kwa pamoja, wengine wakiguna.

Oiva alisoma. "Hitilafu: hakuna diski kama hiyo. Halafu kuna herufi na namba nyingi, sijui za nini."

"Ni jina la diski. Kuna diski inayotafutwa na haionekani. Je, ni yako?"

"Yangu? Yangu tupu kabisa, Sirkku. Haijawahi kuandikwa kitu."

"Basi ni ajabu," alisema Sirkku, akakuna kidevu.

 Kwa Pihla haikuwa ajabu hata kidogo. Kianzishi alichokiweka kwenye flashi kilikuwa kimeketi pale pale penye programu ya kuamsha usakinishaji, kikaifuta; na sasa, ndani ya mashine ya Oiva, kilikuwa kikiitafuta diski iliyokuwa juu ya meza chumbani kwake. Angenyamaza, nani angejua? Ubao mkuu ungelaumiwa, lori lingepita, na Pihla angebaki fundi wa mara ya kwanza. Skrubu ya kwanza ikadondoka mezani. Oiva akaanza ya pili.

"Oiva, acha!" Pihla alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Usifungue. Ubao wako ni mzima. Diski inayotafutwa ni yangu."

Wote wakageuka.

"Yako kivipi?" Tuukka aliuliza. "Si ulisema imewaka mara ya kwanza?"

"Iliwaka. Flashi ikiwa imechomekwa nyuma. Nilikosea, nikaweka kianzishi changu ndani ya flashi. Nimejua tangu Jumatano."

"Tangu Jumatano!" Oiva alitupa bisibisi. "Na mimi asubuhi nzima naitukana mashine isiyo na hatia! Nimemaliza matusi yote, mpaka nikaanza kutumia ya babu!" Watoto wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. "Bibi yako hachoki kutuchomekea matawi ziwani, na wewe huwezi kusema neno moja tu: hapa pabovu?"

Pihla aliinamisha kichwa. "Ningepaswa kusema. Nisamehe, Oiva. Nilitaka mnione hodari."

Oiva akamsogezea sahani ya mikate. "Haya, kula. Lakini leo hutoki hapa mpaka mashine yangu iwake."

Sirkku aliandika upya flashi kwa kompyuta ya maktaba. Wakati huo Pihla alikimbia nyumbani na kigari, akarudi akiikokota kompyuta yake iliyofunikwa blanketi, vijani vya msonobari vyenye ncha kama sindano vikiwa vimenasa kila mahali. Alipoambiwa aanze yeye, alikataa. "Ni zamu ya Oiva."

Usakinishaji ulikwenda vizuri, na karibu na mwisho, ujumbe mwekundu ukatokea. Ule ule.

"Ndio huo!" Pihla alipiga kelele. "Hapo ndipo nilipobonyeza tu."

"Sasa hatubonyezi," alisema Sirkku. "Soma, Pihla. Yote."

Pihla alisoma hadi mstari wa mwisho: diski imepangwa kwa mpango mpya, na mpango huo unahitaji sehemu ndogo maalumu kwa ajili ya kianzishi, na sehemu hiyo haipo.

"Yaani kianzishi kimekosa chumba cha kulala?" Oiva aliuliza.

"Hasa," alisema Sirkku. "Nyumba nzima mmegawana, mlinda mlango mkamsahau."

Walirudi nyuma, wakatenga sehemu ndogo sana mwanzoni mwa diski, ndogo kiasi kwamba Tuukka alidai hata panya asingeenea. Orodha ilipotokea, Pihla aliweka kidole kwenye skrini. "Tazama ukubwa. Hii ndogo ni flashi. Hii kubwa ndiyo diski yako. Chagua hii." Kisha Oiva mwenyewe akachomoa flashi, akavuta pumzi, akawasha mashine.

Picha ya samawati ikachanua. Oiva alipiga yowe ambalo bila shaka lilisikika hadi juu kwa wasomaji wa magazeti. Baada yake wakaitengeneza ya Pihla, na kwa kuwa sasa walijua njia, haikuwasumbua.

Walipokuwa wakifungasha, Sirkku alimketisha Pihla kando yake. "Kukosea hakukuwa kosa lako kubwa," alimwambia kwa upole. "Mimi mwenyewe nimeharibu diski nyingi kuliko ninyi nyote. Lakini kosa likifichwa humsubiri mwingine njiani, na likisemwa humwongoza. Umeona leo: ujumbe uliokushinda wewe peke yako haukumshinda Oiva, kwa sababu ulisimama kando yake ukamwambia kweli. Tena usiogope maneno mekundu. Mashine ikikataa, mara nyingi inakueleza sababu. Jipe subira ya kuisoma."

 Kabla ya kuondoka, Pihla aliokota kitawi kilichobaki kigarini, akakitia ndani ya glovu nyekundu pamoja na flashi, ncha yake ya kijani ikichungulia nje.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Tuukka. Aliichukua glovu, akakitazama kitawi, akakinusa.

"Hiki nacho cha nini?"

"Kaa nikueleze," alisema Pihla, akimvutia kiti. "Karibu na mwisho utaona ujumbe mwekundu. Mimi nilizama hapo."