Mkeka Chini ya Godoro

Jumanne mchana, Sieni aliamka kutoka usingizi mzito wa mimba akakuta nyuzi chini ya kucha zake.

Hazikuwa ngozi, wala hapakuwa na damu. Zilikuwa nyuzi nyeupe, laini kama nywele za mtoto mchanga, na alizipata pale alipokuwa akijikuna kiganja cha kushoto usingizini. Akazivuta moja moja, akazinusa. Zilinuka majani ya mkadi yaliyolowekwa baharini kisha yakaanikwa juani, harufu ya mkeka mpya. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyesuka mkeka tangu Fuatino, shangazi wa mumewe, azikwe, miezi minane iliyopita.

Alijipangusa kwenye shuka, asimwambie mtu. Mimba ya kwanza ilimharibikia katika mwezi wa tano, na hii ya pili alikuwa akiibeba kama mtu anayevuka mto na yai mdomoni. Hakutaka maneno.

Kufikia Alhamisi viganja vyote viwili vilikuwa vinawaka, na nyayo pia.

"Wifi, umekula majani ya magimbi mabichi wewe," alisema Vaosa, dada wa mumewe, akicheka. "Au mtoto ana manyoya. Akizaliwa kama popo tutamficha wapi?"

"Nyamaza. Nikune mgongo."

"Nikune mgongo, nioshe vyombo, nipike mie. Kaka yangu angeoa nazi. Nazi haijikuni."

Sieni alicheka, na kicheko kikamfanya ajikune zaidi.

Walijaribu kila kitu. Mama mkwe, Makerita, alimkata kucha mpaka nyamani. Alichanganya manjano na mafuta ya nazi, akampaka tumbo lote mpaka Sieni akang'aa kama samaki wa sherehe. Sieni mwenyewe alioga maji baridi mara nne kwa siku. Tavita, mumewe, alimvalisha mikononi soksi zake za raga ili asijichubue akilala. Soksi zilinuka, lakini zilikuwa za mapenzi, naye akazivaa.

Nesi wa zahanati hakucheka. Alimtazama machoni, akavuta chini kope zake, akamtoa damu.

"Ngozi ya tumbo ikivutika lazima iwashe kidogo, hiyo siogopi," alisema. "Ila viganja na nyayo naviogopa. Hiyo huenda ni ini. Meza vidonge hivi, na kila siku uhesabu mtoto anavyocheza. Ukiona amepunguza, hata mara moja, usingoje majibu ya damu. Njoo siku hiyohiyo. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Mtoto yuko hai na moyo wake ni mzuri. Tunataka abaki hivyo."

Sieni alimeza vidonge, akahesabu. Ijumaa mtoto alicheza mara ishirini na mbili. Jumamosi, kumi na tisa.

Jumamosi hiyo saa sita mchana, kijiji kizima kikiwa kimelala kwa joto, alisikia sauti. *Kruu. Kruu.* Ilikuwa sauti ya gamba la chaza likiparua jani la mkadi ili lilainike. Kila mwanamke wa Savai'i, kisiwa chetu, anaijua sauti hiyo tangu angali mgongoni mwa mama yake. Sieni aliinua kichwa, akatazama nyumba ya wasukaji ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa tupu, mapazia yake ya makuti yameshushwa. Alipolaza kichwa tena, sauti ikawa karibu zaidi. Ilikuwa inatoka chini ya sikio lake.

Alivua nguo aoge, na Vaosa aliyekuwa akimmwagia maji akaacha kucheka ghafla.

"Wifi. Umelalia nini?"

Tumboni kulikuwa na mistari. Mistari myekundu, myembamba, iliyonyooka, mingine ikienda huku na mingine ikipita juu yake, moja juu, moja chini. Ilianzia ubavuni na ilikuwa imefika karibu na kitovu.

"Nimejikuna," Sieni alisema.

"Na soksi mikononi?"

Hawakutazamana.

Jumapili mtoto alicheza mara kumi na moja. Jioni vijana wa kijiji walipuliza kombe la bahari kuita watu kwenye sala, barabara ikanyamaza, kila familia ikakaa chini. Mama mkwe na watoto wake walikuwa nyumba ya mbele wakianza wimbo. Sieni alishindwa kukunja miguu sakafuni, akabaki chumba cha nyuma, amepiga magoti kando ya kitanda, paji la uso juu ya godoro na mikono imenyooshwa mbele, bila soksi.

Kwanza ilikuja harufu, mkadi na chumvi. Halafu chini yake, udongo. Alifikiri ni upepo. Lakini mapazia hayakutikisika, na wimbo kule mbele ulikuwa unaendelea, sauti nzito ya Tavita chini na sauti kali ya mama mkwe juu, na katikati ya sauti hizo mbili kulikuwa na pumzi ya tatu, pumzi ya mtu mzee anayefanya kazi ya macho, anayevuta hewa kwa pua na kuitoa kila anapobana uzi, na Sieni alipotaka kuinua uso aligundua mikono yake haimfuati, kwa sababu kutoka ndani ya godoro, kupitia pamba na kitambaa, vidole vilikuwa vimeshika vidole vyake, vidole vikavu vyenye sugu kwenye ncha, navyo vilikuwa vinachukua kuwashwa kwake kama mtu anavyochukua uzi, vinapitisha juu, vinapitisha chini, vinabana, na kila vilipobana, tumboni mtoto alijikunja, akazidi kujikunja, kama mtu anayevutiwa shuka kitandani.

"Amina," walisema kule mbele.

Vidole vikamwachia.

Tavita alimkuta sakafuni. Katika kisiwa chetu jambo la namna hii lina jina, aitu, ndio majini wenyewe, na halitajwi mara tu baada ya sala. Kwa hiyo alimnong'oneza tu: "Umemwona?"

"Nimeshikwa. Ni mzee. Ni msukaji, Tavita."

Tavita akageuza uso kuelekea mlangoni. Msukaji mzee waliyemjua wote wawili alilala hatua kumi kutoka mlangoni, chini ya mchanga na mawe meusi, akisubiri saruji.

Kulipopambazuka Sieni alilala ubavu wa kushoto, akaweka mikono tumboni, akahesabu. Akanywa maji baridi. Akala kipande cha shelisheli chenye sukari, maana sukari huwaamsha. Akahesabu tena.

Sifuri.

Tavita alikimbia kwenda kuazima gari la mchungaji, upande wa pili wa kijiji. Vaosa naye alikimbia nyumba ya jirani, akarudi akimvuta mkono bibi Sisilia, anayekanda wajawazito na kuwafahamu wasioonekana. Sisilia hakuleta dawa yoyote. Aliweka mkono mmoja juu ya tumbo, akafumba macho, akautoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria.

"Gari likija apelekwe hospitali, asingojewe," alisema. "Lakini kuna mtu amemshika mtoto, na asipomwachia atafuatana nao mpaka huko. Makerita! Wewe ulimvalisha Fuatino?"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye nguzo, kanga imekazwa kifuani. "Nilimvalisha. Wifi yangu, ningemwacha nani amvalishe?"

"Mkeka gani?"

"Mkeka wake."

"Upi? Ule aliousuka miaka saba? Ule aliosema mbele ya wanawake wote, nizikeni nao?"

"Bibi, kuna mgonjwa hapa, unaniuliza habari za mikeka?"

"Nakuuliza wewe, sijamuuliza kuku."

Makerita akatazama kando. Hakutazama mlango wala kaburi. Alitazama kitanda, mara moja tu, na Sieni akaona.

Kwetu mikeka ya heshima huhifadhiwa chini ya godoro, ili uzito wa mtu uinyooshe. Kila nyumba hufanya hivyo. Na ukitaka kuficha mkeka usiguswe hata na binti yako mwenyewe, hakuna mahali pazuri kuliko chini ya mjamzito, kwa maana nani atamwambia mjamzito ainuke?

Sieni aliinuka. Alishika ukingo wa godoro kwa viganja vilivyochubuka, akavuta. Vaosa akaja akavuta naye, godoro likaangukia ukutani.

Ulikuwa umekunjwa mara tatu, mweupe, laini kama hariri, manyoya mekundu kwenye upindo. Pale tumbo la Sieni lilipokuwa likilala, palikuwa na unyevu wenye umbo la duara.

"Mama," alisema Vaosa polepole. "Mama, umemwibia maiti?"

"Sijaiba!" Sauti ya Makerita ilipanda kisha ikavunjika. "Nimeuazima! Desemba Tavita anapewa cheo cha mkuu wa ukoo. Mnajua watakuja watu gani? Mtandike nini mbele yao, magunia? Baba yake aliaibishwa kwa kukosa mkeka, nilikuwepo, nikaona alivyoinamisha kichwa. Nilimwambia Fuatino sikioni kabla hawajafunga jeneza. Nilimwambia, wifi, niazime, nitakusukia mwingine."

"Akajibu nini?" aliuliza Sisilia.

Makerita akaikaza kanga yake upya.

"Umemsukia?"

"Macho yangu..."

"Mama," alisema Sieni. Alikuwa ameshika nguzo ya kitanda na sauti yake haikuwa kubwa. Tangu aolewe hakuwahi kumkatiza mama mkwe wake. "Mtoto hachezi. Cheo cha Tavita au mtoto wa Tavita? Chagua sasa hivi, mimi nikikusikia."

Kisha yule mama, aliyekuwa haendi hata dukani bila kuchana nywele, aliuchukua mkeka mikononi kama mtu anayebeba mtoto, akatoka nje kichwa wazi, akapiga magoti kwenye kaburi, akaanza kusukuma mawe.

Vaosa alileta koleo. Mama yake alilikataa. Alichimba kwa mikono. Mchanga ulikuwa mlaini mwanzoni, halafu ukashikana, na alichimba akilia kwa sauti ndogo akisema, "Fuatino, wifi yangu, nimekuja, mwachie mtoto, nimekuja." Vaosa akashuka shimoni naye akachimba bila kuulizwa. Sieni alikatazwa kusogea, mjamzito hasogelei kaburi, kwa hiyo alitazama akiwa kizingitini, bibi Sisilia amemshika kiuno. Kuwashwa kulikuwa kumepanda mpaka kooni. Mistari ilikuwa imekivuka kitovu, nayo ilikuwa ikitembea, aliihisi ikitembea, juu, chini, bana.

Koleo halikuhitajika. Kabla hawajafika kwenye jeneza, mkono wa Makerita ulizama. Mchanga ulikuwa na tundu pale, lenye upana wa bega, limetoka chini na kuelekea upande wa nyumba.

Hakupiga kelele. Aliuingiza mkeka katika tundu lile kwa upindo wake, akiusukuma taratibu. Na mkeka ulipofika nusu, haukuhitaji kusukumwa tena. Ulimtoka mikononi wenyewe, ukaingia, mpaka unyoya wa mwisho.

Kuwashwa kulikoma. Hakukupungua kwanza. Kulikatika tu, kama redio ikizimwa, na Sieni akasikia kimya cha ngozi yake mwenyewe, akaketi chini.

"Anacheza?" Sisilia alinong'ona.

"Bado."

Honi ya gari ililia barabarani. Walimpandisha nyuma, juu ya magunia ya nazi, kichwa kwenye paja la Tavita. Walipita shule, wakapita kanisa. Tavita alikuwa akiuliza kila baada ya nyumba tatu na yeye akitikisa kichwa. Walipofika kwenye daraja, gari likaruka shimo, dereva akaomba radhi, na ndani ya Sieni kisigino kidogo kikapiga teke moja la hasira.

"Tena," alisema Sieni akilia. "Tena, mwanangu, nitukane tena."

Walimpasua mchana huohuo. Msichana, mdogo, wa manjano, lakini anapumua. Daktari alisema ni ini, nyongo ilikuwa imeingia kwenye damu, na kwamba wangechelewa siku moja wangemkosa. Sieni alimwamini. Alimwamini na bibi Sisilia pia. Yaliyompata yalitosha wote wawili.

Walirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Makerita alikuwa amemwaga saruji juu ya kaburi kwa gharama yake, nene kama ukuta wa kanisa. Alimpokea mjukuu kwa mikono miwili, akamwita Fuatino bila kumwuliza mtu, na hakuna aliyepinga.

Vaosa ndiye aliyetoa godoro likaanikwe. Alirudi mlangoni, hakuwa na utani wowote usoni.

"Wifi. Njoo peke yako."

Juu ya mbao za kitanda kulikuwa na mkeka mdogo, mwembamba kuliko mkono. Nyuzi zake zilikuwa mbichi, zina unyevu wa bahari. Upande mmoja umepindwa vizuri. Upande wa pili nyuzi ziliachwa wazi, kazi haijaisha.

Bibi Sisilia aliutazama bila kuugusa. "Msiuchome, msiukate. Labda ni zawadi. Alikufa bila mtoto."

"Na kama si zawadi?"

"Mkeka wa kuzikia na mkeka wa kulalia husukwa na mkono uleule, binti yangu. Mpaka uishe huwezi kuutofautisha."

Sieni aliupima kwa utepe wa kupimia. Sentimita arobaini na tisa. Siku hiyohiyo nesi alikuwa amempima mtoto. Alikuwa na arobaini na tisa.

Ijumaa iliyofuata mtoto alikuwa na hamsini, na mkeka pia.

Sasa kila alfajiri, kabla mtoto hajaamka, Sieni huinua ukingo wa godoro na kutazama zile nyuzi zilizo wazi, zenye unyevu, akipiga magoti kama mtu anayeomba. Ila hajui aombe nini: kwamba shangazi aache kusuka, au kwamba asiache kamwe.