Marehemu Hajatoka Kwenye Kompyuta

Ungezikwa Jumamosi, halafu Jumatatu watu wakuite kwa jina uingie kazini, wewe ungelala?

Wangila, aliyetunza kompyuta za ushirika mmoja wa miwa karibu na Butali, alipondwa na trela. Walimzika, lakini jamaa zake walikuwa wakivutana na wakwe, kwa hiyo wafiwa hawakunyolewa nywele, ile desturi ya kumaliza matanga na kumwachilia marehemu aende. Na kwetu, maiti ambaye watu wake hawajanyolewa haitwi ovyo. Ofisini akaitwa kila asubuhi, jina lake likiandikwa kufungulia mashine. Akaunti yake ndiyo iliyokuwa na nguvu zote, na meneja Shikanga, mpwa wa mheshimiwa mbunge wetu, alikataa ifutwe. Wangila alikuwa amemsihi waongeze kwenye programu mistari ya kuhakiki ni nani hasa anayeamuru, kabla haijaanza kufunga hesabu za mwezi. Shikanga akasema eti system itakuwa slow. Slow!

Kwanza ilikuja harufu ya molasi iliyoungua, kutoka kwenye kibodi. Kisha Sellah, karani aliyekuwa akiliandika jina hilo, akaanza kuvuja damu kwenye kucha.

"Bosi, watu wake hawajanyolewa," alinong'ona. "Tunamwitanga tu bure. Ataniua."

"Kompyuta haina matanga, madam. Andika ama uende nyumbani."

Sellah akasimama, akatoka kitini, akaegemea ukuta.

Shikanga akakaa mwenyewe, mvua ya alasiri ikitwanga mabati, akaandika jina la marehemu, akaweka password yake ambayo ofisi nzima iliijua, akaamuru mwezi ufungwe, na mashine haikumuuliza yeye ni nani, ikatii tu, harufu ikapanda hadi kooni, kitu kikamdaka viganja kikaanza kuvivuta ndani ya kibodi kama miwa inavyomezwa na kinu, mifupa ikilia ka, ka, ka, damu ikirukia skrini, naye akimwita mamake, na sauti nzito kutoka mle ndani ikisema polepole, "Umeniita. Niko kazini."

Sellah alijitupa kwenye kompyuta ya pili, akaifuta ile akaunti. Karani tu, na mashine ikamkubalia bila kumuuliza yeye ni nani. Kile kitu kikaachilia. Shikanga akaanguka chali, mikono ikiishia vifundoni.

Sasa meneja mpya, mpwa mwingine, amerudisha kila kitu kutoka kanda za akiba, zile za backup, Wangila akiwemo. Jana harufu ilirudi.

Nyinyi mnaogawa hizo kazi, sisi wenye digrii mnatuambia nafasi zimejaa. Sawa. Basi mtoeni maiti kwenye nafasi yake leo, na mashine imuulize kila anayeamuru yeye ni nani, kabla Sellah hajakalia kile kiti kesho.