Mvumo Darini

Kazini walimwita Dobi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusafisha picha. Setilaiti ilipita juu ya mji kila baada ya siku kumi na mbili, saa kumi na dakika kumi alasiri. Ilituma mawimbi ya rada chini, na mawimbi yakirudi yalichora mitaa na mapaa. Redio ya mtu ikiyaingilia, picha huchafuka kwa mstari mweupe. Dobi hubonyeza, mstari ukafutika, akaenda zake kunywa chai.

Lakini siku moja mstari ulitokea kwenye uwanja mtupu, pasipo waya wala mtu. Akaufuta. Safari iliyofuata ulikuwa sokoni. Akaufuta, akicheka kwamba mwenye redio huyu hana kwao. Mara ya tatu ulikuwa juu ya nyumba ya jirani yake, ukuta kwa ukuta. Hapo hakucheka, lakini mazoea yana taabu, kidole kilishabonyeza.

Jioni ile nyumba yake ilinuka nywele zilizoungua. Bintiye wa miaka saba alisimama sebuleni, macho darini.

"Mama, nani huyo anavuma juu?"

"Sema polepole, mwanangu. Anataka nini?"

"Anasema amechoka kufukuzwa."

Kesho yake akaletwa mganga, bibi mmoja mkavu asiyependa maneno mengi. Alibandika kiganja ukutani, akakiondoa upesi.

"Nani anamfukuza?"

"Mimi, bibi. Sikujua. Ndiyo kazi yangu."

"Hukumsafisha, ulimhamisha. Sasa amekuja kwa anayemhamisha. Mwache hapo darini, atachoka aondoke. Ukimtoa hapo, hana pa kwenda ila ndani ya mtu."

Siku ya kumi na mbili Dobi aliomba ruhusa ya ugonjwa akae na mwanawe. Angewaambia nini wenzake? Watu wa rada wale wangemcheka mpaka astaafu. Alimwambia tu mwenzake wa zamu, "Picha ya leo niachie, kaka. Nitaisafisha mwenyewe."

Saa kumi na dakika kumi mvumo ulipanda, vijiko vikatetemeka kabatini, harufu ya nywele ikamjaa kooni, naye akaketi sakafuni amempakata mtoto, mgongo wa mtoto kifuani pake, akihesabu pumzi, akimwomba Mungu huku akimbembeleza yule wa darini akae, akae tu, nyumba ni yake, asihamie ndani ya mtu, maana mama akishikwa kwa mwanawe hana ujanja. Saa nzima ikapita hivyo. Simu ikalia.

"Dada, nikuachie kazi na wewe mgonjwa?" mwenzake alicheka. "Nimekusafishia. Ule mstari ulikuwa juu ya nyumba yako kabisa! Sasa picha imetakata."

"Urudishe! Kaka, nakuomba, urudishe huo mstari!"

"Urudishwe vipi? Ukishafutwa umefutwa. Pumzika, dada. Tenda wema nenda zako."

Mvumo darini ukakatika. Vijiko vikatulia, hata harufu ikaisha. Kwa pumzi moja Dobi alidhani bibi yule alikosea, akataka kulia kwa furaha.

Kisha akausikia tena, mdogo, kifuani pake, pale mgongo wa mtoto ulipoegemea.

"Mwanangu," alinong'ona, "acha kuvuma. Funga mdomo."

Mtoto akajibandua kifuani, akageuka kumtazama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na mvumo ulibaki palepale, kifuani pa Dobi.